Longi Nyeupe za Muthara

Saa kumi jioni, nyuma ya shule iliyo chini kidogo ya soko la Muthara, ulikuwa ukisikika mlio usiofanana na mwingine wowote wa hapa kwetu. Ko. Kisha kimya kirefu, watoto wakipumua. Kisha ko tena. Ulikuwa mlio wa mpira ukigonga bati la kriketi, ule ubao wa kupigia, na wenye maduka walizoea kufunga hesabu zao za mchana kwa kuusikiliza.

Siku hizi hausikiki. Pale uwanjani pamepandwa maharagwe. Lakini ukisimama mlangoni mwa jiko la shule utaona kwamba katikati ya shamba pana ukanda mwembamba, mrefu kama nyumba ya vyumba vitatu, ambamo mimea imedumaa na majani yamekuwa manjano. Wapishi wanalalamika kwamba jembe likifika hapo linaruka. Udongo huo ulishindiliwa miaka minne na miguu ya watoto wa Mwalimu Mwanatatu, na inaonekana haujasahau.

Mwanatatu alitoka Embu mjini. Baba yake, Mzee Saad, ana bucha karibu na soko, na watu wa mtaa wao wa Waislamu wanamjua kwa kisu chake chembamba na maneno yake machache. Kriketi Mwanatatu aliikuta chuoni. Timu ya wasichana ilikuwa imepungukiwa na mtu mmoja, akaambiwa asimame tu kule mbali, mpira haufiki. Mpira ukafika. Akaudaka bila kujua amefanya nini, wenzake wakamrukia kama waliopata harusi, na tangu siku ile hakupona.

Alipoletwa Muthara kufundisha sayansi katika madarasa ya sekondari ya chini, yaani gredi ya saba hadi ya tisa, alikuta uwanja mpana unaolishiwa mbuzi. Akaomba apewe. Watu walicheka. Mchezo gani huu mtu anasimama saa nzima akingoja? Mwalimu Njue, mwenzake wa hisabati, naye mtu wa Embu, alimwambia, "Dada, hawa wanapenda kandanda na kandanda inawapenda. Wewe unawaletea mchezo wa kungoja."

"Ndiyo," Mwanatatu alijibu. "Hicho ndicho ninachotaka wajifunze. Kungoja."

Kwa sababu hilo ndilo alilowafundisha kabla ya kuwafundisha kushika bati. Katika kriketi mpigaji akikosea mara moja tu, vijiti vilivyosimikwa nyuma yake vikaanguka, ametoka. Hakuna kurudia, hakuna kumlilia refa. Wavulana wa mwanzo walikuwa wakirusha bati, wakilia, wakienda nyumbani kabisa. Akawawekea sheria yake mwenyewe: ukitoka, toka kwa miguu yako. Kaa chini. Fungua pedi za miguuni taratibu. Mwenzako akipiga vizuri, mpigie makofi. Kesho utarudi. Alirudia maneno hayo mpaka watoto wakawa wanamwigiza nyuma ya vyoo, mkono kiunoni, sauti ya pua kama yake: "Funguaaa pedi taratibu!" Lakini walifanya. Mwaka wa tatu walishinda mechi mbili, na shule za mjini Meru zikaanza kuuliza Muthara ni wapi.

Kuelekea mwaka wa nne alikuwa na timu. Si kundi la watoto wenye bati, timu. Kepteni wake alikuwa Mutwiri wa gredi ya nane, mtoto mfupi wa mama mjane, mwenye macho ya mtu anayehesabu kitu. Akisema "nyuma kidogo," watoto walirudi nyuma, na mpira ulikuja palepale. Mrushaji wake mkali alikuwa Rwamba, mrefu, mwana wa mnunuzi wa miraa anayeshinda Laare. Wawili hao waliketi dawati moja tangu darasa la kwanza. Walikula mhogo mmoja, kila mmoja upande wake, wakikutana katikati.

Novemba Mwanatatu alifika Embu kumsalimu baba yake, akamkuta na kitambaa cheupe kilichobaki baada ya kushonewa makoti ya bucha. Mzee Saad akasema, "Hao watoto wako wanacheza na kaptula za shule, magoti yamechunika kama mbuzi wangu. Chukua hiki." Fundi akashona longi, yaani suruali ndefu, zenye mkunjo mbele kama za wachezaji wa kweli. Mwanatatu alizigawa siku ya kufunga shule. Watoto walizivaa juu ya kaptula zao wakazunguka uwanja wakicheka.

Kriketi huchezwa kwa longi. Mwanatatu hakuwaza zaidi ya hapo. Na hapo ndipo alipokosea.

Kwao Embu mjini, mdogo wake Nurudin alipashwa tohara akiwa bado anatambaa. Alilia, akapewa maziwa, yakaisha. Huku milimani si hivyo. Mvulana huingia likizo akiwa mtoto na kutoka akiwa mwanamume. Mwanamume havai kaptula. Hali sahani moja na watoto, wala haamrishwi na mtoto. Kwa Kimeru yule ambaye hajapitia tohara huitwa mwiji, na neno hilo likitoka mdomoni mwa rafiki yako wa jana huuma kuliko kofi. Desemba ile nusu ya timu ilipitia. Rwamba alikuwa mmoja wao. Mutwiri hakupitia, kwa kuwa mama yake, Karambu, alitaka kwanza amalize gredi ya tisa.

Mwanatatu aliagana na timu moja Novemba. Januari zilirudi mbili.

Jioni ya kwanza Mutwiri alisimama mahali pake, akapunga mkono. "Rwamba, songa kushoto."

Rwamba alitazama milima.

"Rwamba. Kushoto."

"Nani anaongea?" Rwamba aliuliza, hewani. "Mnasikia mtu? Mimi nasikia mbu."

Wavulana wa longi, wale waliopitia, wakacheka. Wale wa kaptula wakatazama chini. Mwanatatu, ambaye bado hakuelewa, akapaza sauti, "Rwamba! Kepteni amesema kushoto!"

"Madam," Rwamba alijibu kwa adabu kubwa, "ukinituma wewe nitaenda hata Isiolo. Huyo hapana."

Akasonga kushoto kwa sababu mwalimu amesema. Na hivyo ndivyo mazoezi yalivyoendelea. Mutwiri alimwambia mwalimu, mwalimu akamwambia Rwamba, maneno yakizunguka kama maji kwenye mfereji uliozibwa. Mpira ukitoka mkononi mwa mtoto, wale wakubwa hawakuupokea. Uliachwa uanguke, kisha wakauokota ardhini.

Alimwomba Njue azungumze nao, maana ni mwanamume. Njue alikuna kidevu. "Dada, hata sisi kwetu tuna mambo haya. Ukiyagusa yanakugusa. Mpe Rwamba ukepteni, yaishe."

"Nimfukuze mtoto kwa sababu gani? Amekosea nini?"

"Hajakosea. Ni mtoto tu."

Alimfuata baba yake Rwamba sokoni Laare, akamkuta akifunga mafungu ya miraa kwa majani ya mgomba. Mzee yule alimpa kiti, akamwagizia chai, akamsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kufunga. Kisha akasema, "Mwalimu, unafundisha vizuri. Mtoto wangu, samahani, kijana wangu, anakusifu sana. Lakini hilo unaloliulizia halina mdomo wa mwanamke. Kunywa chai."

Akanywa chai. Alirudi shuleni na hasira iliyokosa pa kukaa. Hakuwa amepuuzwa wala kutukanwa. Aliheshimiwa, na katika heshima hiyo akafungiwa mlango.

Mwalimu mkuu, Bi Marcella, naye alikuwa na lake. Watoto walikuwa wakila mahindi matupu saa sita, na ule uwanja ungeweza kutoa maharagwe ya mwaka mzima. Hakuwa mtu mbaya. "Mwanatatu, mimi napenda michezo," alisema, "lakini tumbo linanong'ona na mimi nalisikia. Cheza msimu huu. Tukifungua Septemba niletee watoto kumi na mmoja, uwanja ni wako. Pungukiwa na mmoja, nalima."

Kwa hiyo kila jioni, alipokuwa akiwatazama wale kumi na mmoja waliogawanyika, Mwanatatu aliona majembe nyuma yao.

Mechi ya kwanza walifungwa. Ya pili wakashinda, kwa sababu tu siku hiyo Mutwiri alinyamaza kutwa nzima, akiwapanga watu kwa kujikuna kichwa na kuangalia upande anaoutaka, na Rwamba akajifanya amesogea mwenyewe. Mwanatatu aliona. Akapata matumaini. Akadhani mchezo utawaunganisha tena.

Ya tatu ilikuwa Embu. Mshindi angeendelea. Mzee Saad alimwachia Nurudin kisu, akavaa kofia safi, akaja na majirani wawili kumwona binti yake na zile longi alizozitoa. Wenyeji walizisifu watoto waliposhuka garini wakiwa wamezibeba mkononi. Lakini watoto walipotoka katika darasa walilopewa la kubadilishia nguo, Mutwiri alikuwa wa mwisho, na alivaa kaptula nyeupe.

Longi yake ilikuwa imekatwa juu ya magoti. Haikukatwa kwa hasira, maana mkato ulikuwa umenyooka, umepimwa. Nyuzi zilining'inia.

"Nani amefanya hivi?" Mwanatatu aliuliza.

Rwamba alikuwa akifunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa tayari.

"Mutwiri, nani?"

"Ilikuwa ndefu, Madam," mtoto alisema. "Ilikuwa inanikwaza."

Majirani wa Mzee Saad walikaa kwenye benchi na karanga zao. "Hawa wanacheza au wanangojea mvua?" aliuliza mmoja. "Ngoja," alisema Mzee Saad, "kuna mahali panachemka." "Na yule mfupi mbona amevaa nguo ya kuogelea?" aliuliza wa pili. Mzee Saad aliinama mbele. Alikuwa amekitambua kitambaa chake.

Timu ya Embu ilipiga kwanza, ikapata pointi, ziitwazo mikimbio, za kutosha lakini si nyingi. Muthara wakaanza vizuri, wakayumba, wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Jua lilipoinama walibaki wapigaji wawili wa mwisho, mmoja kila mwisho wa njia ya kukimbilia iliyo katikati ya uwanja, Mutwiri huku na Rwamba kule. Ilibaki mikimbio minne washinde.

Ni lazima ieleweke jinsi mikimbio inavyopatikana. Mmoja akishapiga mpira, wote wawili hukimbia, kila mmoja akienda kwenye vijiti vya mwenzake. Hakuna anayeweza kukimbia peke yake. Yule anayeuona mpira ndiye anayeita, na mwenzake hana nafasi ya kufikiri. Akisikia "twende" anakwenda. Mwanatatu alikuwa amewazoeza hili mpaka gizani. Sikio kwanza, alisema. Macho yatakuja baadaye.

Mutwiri alipiga. Mpira ukapita katikati ya watu wawili, ukaenda mbali, pasipo na mtu. "Twende!" akaita, na alikuwa tayari katikati ya njia, mapaja yake membamba yakimetameta juu ya pedi.

Rwamba alikuwa amesimama.

Mkono wake ulishika bati. Mguu mmoja ulikuwa mbele, na watu waliokuwa karibu wanasema ulisogea, kisha ukarudi. Wavulana wa longi kwenye nyasi walikuwa wakimtazama. Hakwenda.

Mutwiri alimfikia, akamwona, akageuka. Aliteleza, akainuka. Mpira ulirudi kabla yake, vijiti vikaanguka, na mwamuzi akainua kidole. Mchezo umekwisha.

Basi mtoto akafanya yote aliyofundishwa. Hakurusha bati. Alitoka kwa miguu yake. Akaketi kwenye nyasi, akaanza kufungua pedi taratibu, kamba ya kwanza, ya pili. Na wale wa Embu walipopita wakirukaruka, akawapigia makofi.

Ni makofi yale yaliyomvunja Mwanatatu. Miaka minne alikuwa akiyaita ustahimilivu. Sasa aliyasikia, na yalikuwa sauti ya mtoto anayekubali jambo lisilokubalika kwa sababu mwalimu wake amemfundisha kukubali vizuri. Akavuka uwanja hadi kwa Rwamba, na mbele ya timu mbili, madereva, baba yake mwenyewe na majirani wenye karanga, akapaza sauti:

"Hukusikia? Amekuita hukusikia? Kwani Desemba walikukata masikio?"

Hata watu wa Embu waliacha kushangilia. Mzee Saad alivua kofia, akaitazama ndani. Uso wa Rwamba, ambao tangu Januari ulikuwa umefungwa kama duka la msiba, ulifunguka, na ndani yake alikuwemo mtoto wa darasa la kwanza mwenye mhogo.

Katika basi, walipokuwa wamepita Chuka na wengi wamelala, Rwamba alikuja kusimama kando ya kiti cha mwalimu. "Madam, ningekimbia wangenicheka mpaka nioe," alisema kwa sauti ya chini. "Nilitaka kukimbia." Mwanatatu alipogeuka, kijana alikuwa amerudi nyuma.

Maneno ya Mwanatatu pale uwanjani yalifika Muthara kabla ya basi. Jumatatu akina baba walikuja shuleni wakiwa wamevaa makoti, wakaketi kwa Bi Marcella, wakazungumza kwa utaratibu. Mwanatatu aliomba radhi. Aliomba kwa moyo, kwa kuwa kweli alikuwa amemwaibisha kijana mbele ya watu, na baba yake Rwamba alipokea radhi hiyo kwa mikono miwili, akaulizia afya ya Mzee Saad. Siku iliyofuata wavulana wote wa longi walirudisha vifaa vyao. Vilikuwa vimefuliwa na kukunjwa.

Aliyebaki ni Mutwiri na watoto wa kaptula. Muhula wa pili wote, kandanda ikiwa imeteka shule nzima, Mwanatatu alikwenda darasa hadi darasa akiwaokota wa gredi ya saba, mmoja leo, mmoja wiki ijayo. Aliwabembeleza mama zao sokoni. Watoto walikuwa wakishika bati kama mwiko wa ugali, lakini alikuwa na Mutwiri, na Mutwiri angewafundisha. Julai ilipokwisha alikuwa na kumi na mmoja wake pamoja na Mutwiri, wakiwemo wawili wasioweza kudaka hata homa, kwa maneno ya Njue.

Kisha Karambu akaja, na mkungu wa ndizi mgongoni, akautua mlangoni.

"Mwalimu, nimeona nikwambie. Mtoto ameomba mwenyewe. Agosti hii."

"Mama Mutwiri, si ulisema amalize kwanza gredi ya tisa?"

"Nilisema. Toka ile siku ya Embu hali vizuri. Nilimwuliza unaumwa wapi, akasema, 'Mama, nimechoka kuita mtu na haji.'" Karambu alifuta jasho kwa ncha ya leso. "Ningemjibu nini, mwalimu?"

Shule ilipofunguliwa Septemba, Mwanatatu aliwapanga wale wadogo uwanjani, akangoja. Mutwiri alikuja saa kumi kamili kama kawaida yake. Alikuwa amevaa longi mpya ya kijivu, imepigwa pasi. Alikuwa amerefuka kidogo, au ni longi. Alisimama nje ya mstari wa chokaa, akamnyooshea mwalimu kofia aliyopewa alipofanywa kepteni, kwa mikono miwili.

"Madam, nimeirudisha."

"Ingia, Mutwiri. Wanakungoja."

"Siwezi, Madam."

"Usicheze basi. Wafundishe tu. Simama hapohapo ulipo uwaambie."

"Nikiwaambia watanirushia mpira." Aliongea polepole, bila kiburi hata chembe, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Siwezi kupokea mpira wa mtoto. Wewe unajua."

"Wewe ndiwe unayejua! Wewe kuliko mtu yeyote katika shule hii unajua!"

"Ndiyo, Madam. Ndiyo maana."

Nyuma yao mtoto mmoja wa gredi ya saba aliinua bati, mikono imepishana vibaya, kiwiko kimeingia tumboni. Mutwiri aliona. Mkono wake wa kulia uliinuka wenyewe, vidole vikajikunja kuzunguka mpini usiokuwepo, kifundo cha mkono kikageuka kidogo tu, kama anavyofanya mtu anayenyoosha kosa. Kisha akautazama mkono huo na kuutia mfukoni.

"Nimeshukuru, Madam," alisema, "kwa kila kitu." Akaondoka kwa miguu yake, bila kukimbia. Kule langoni Rwamba alikuwa akimngoja. Hawakusalimiana. Walianza tu kutembea, bega kwa bega, kuelekea sokoni.

Mwanatatu aliwahesabu watoto tena, ingawa alikuwa anajua ni kumi. Kisha akawaambia waendelee, akawarushia mpira mpaka jua likazama, na kila mmoja aliyetoka alimwona akifungua kinywa kumwambia lile neno lake la siku zote kuhusu pedi, kisha akikifunga.

Bi Marcella alitimiza ahadi yake bila furaha. Mvua za Oktoba zilikuta shamba limeshapandwa.

Mwalimu Mwanatatu yuko Embu sasa. Anafundisha sayansi katika shule ya wasichana isiyo mbali na bucha ya baba yake. Shule hiyo haina timu ya kriketi.